Mwalimu Aliyepigania Makala ya Mchezo

Aliogopa ng'ombe kuliko alivyoogopa bunduki. Nianzie hapo, maana wengine waliomjua wataanzia kwenye elimu yake, na mimi elimu sikuipata nyingi; nilitolewa darasa la nne ili nilee wadogo zangu. Lakini macho ninayo. Nilimwona mtu mzima, mwenye vesti, koti lake la ualimu, na kalamu mbili mfukoni, anazunguka malisho yote ya watu, matope yanamfika juu ya buti, ili asipite mbele ya ng'ombe mmoja aliyelala anatafuna. Alitoka msitu wa Walikale, ambako mnyama ndiye anayemkimbia mtu. Huku kwetu Masisi ng'ombe anasimama katikati ya njia anakutazama kama mwenye kiwanja. Hilo hakulizoea hata siku moja.

"Mwalimu!" nilimwita kutoka kwenye maharage yangu. "Ile ni ndama! Yeye njo anaogopa weye!"

"Nani alikuambia anaogopa?"

"Minaona na macho!"

"Macho yako haitoshi, Mama. Uliza yeye kwanza."

Na mtu huyo huyo alipenda fromaji ya Masisi, jibini ile ya ng'ombe, kama mtoto anavyopenda muwa. Alikuwa akinunua kipande pale njia inapotoka Kirolirwe, anakifunga kwenye karatasi ya daftari, anakila kidogo kidogo siku nne, akifumba macho. Nilimwambia anakula maziwa ya adui yake. Akanijibu, "Mama, fromaji haina pembe."

Alikuwa jirani yangu, katika mji wetu mdogo upande wa Mweso, miaka ile ya vita ambayo sisi tuliolala na viatu miguuni hatuhitaji kukumbushwa. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na migomba saba. Nilikuwa na kitu alichokihitaji: pano ya jua, lile bamba la kutoa umeme. Mkwe wangu, mfanyabiashara wa upande wa Butembo, aliniletea ile pano juu ya gari la vitunguu, nami nikaweka meza mbele ya mlango, nikawa nachaji telefone za watu. Wengine waliacha telefone wakaenda zao sokoni. Mwalimu hakuweza kuiacha yake. Alivuta kigoda, akakaa, akaandika huku waya umechomekwa, shingo imepinda, mpaka jua likashuka nyuma ya kilima na pano ikakata. Watu walimwita mtu wa waya. Alicheka tu.

Alifundisha chini ya hema la plastiki, kwa sababu shule ilijaa familia zilizokimbia. Mshahara haukuja. Chaki ilipokwisha aliandika kwa makaa juu ya bati. Alikuwa mkali. Mtoto akisema jambo, alisimama mbele yake na kumwuliza, "Chanzo?" Maana yake, umelipata wapi, nani aliandika? Kama mtoto hakuwa na jibu, alikaa chini. Neno hilo lilitoka darasani likatushika hata sisi watu wazima. Nakumbuka tulikuwa kwenye bomba la maji, mama mmoja anatuhadithia kwamba muke wa katekista alionekana Kitshanga na mwanaume mwenye pikipiki. Hadithi ilikuwa tamu, tumeweka bidoni chini ili tusikie vizuri. Mwalimu akapita na ndoo yake.

"Chanzo?" akasema, bila kusimama.

"Mwalimu, toka hapa! Hii si darasa!"

"Nani aliona? Aliandika wapi, fasi gani?"

Hadithi ikafa pale pale. Tulimchukia siku nzima. Baadaye yule muke wa katekista akarudi kutoka kwa mama yake mgonjwa, na mwenye pikipiki alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Mkali wa ukweli namna hiyo, na bado alikuwa mwongo. Alidanganya juu ya tumbo lake. Ukimwuliza, "Mwalimu umekula?" alijibu, "Nimeshiba, Mama," na mimi nasikia utumbo wake unaongea ukiwa umbali wa meza. Basi nilijifunza kutomwuliza. Niliweka sahani ya viazi mbele yake na kumwambia aniambie kama chumvi imetosha. Alionja mpaka sahani ikaisha, ndipo akasema imetosha.

Sasa nieleze alikuwa anaandika nini. Kuna kitabu kikubwa kisicho na karatasi, kiko ndani ya mtandao, wanakiita ensaiklopedia. Kila mtu anakisoma bure, na kila mtu anaruhusiwa kukiandika, mradi aonyeshe alipolitoa neno lake. Kipo cha Kifaransa, kipo cha Kiingereza, na kipo cha Kiswahili. Mwalimu alisema kile cha Kiswahili ni chembamba kama mtu aliyetoka hospitali, na yeye anakilisha.

"Banakulipa?" nilimwuliza.

"Hapana."

"Banakujua?"

"Banajua jina yangu tu, ile ya mule ndani. Hatujaonana."

"Basi weye ni mujinga mwenye vesti."

"Andika hiyo, Mama," akasema, "lakini utafute chanzo."

Mwanzoni aliandika juu ya nchi yetu. Aliandika juu ya kilima kimoja, urefu wake, mashamba yake ya maharage na mihogo, mito miwili inayoanzia pale. Ilikaa siku tatu. Mtu akaja, sijui yuko Goma ao Ulaya, akafuta, akaandika kwamba kilima ni cha watu wake tangu zamani. Mwingine akafuta hiyo, akaandika kwamba ni cha watu wake yeye. Wa tatu hakuandika kitu juu ya kilima. Aliandika matusi, halafu akamwuliza Mwalimu analala wapi. Siku ile alichomoa waya mezani kwangu kabla jua halijashuka. Alifunga telefone, akasema, "Mama, kuko kitu gani katika hii dunia bantu ba Masisi hawawezi kuuana juu yake?"

Nilifikiri nikasema, "Chumvi."

"Chumvi banauana."

Ilimchukua karibu mwezi kupata jibu lake, na alilipata kwa wanafunzi. Walikuwa wanajificha nyuma ya hema kucheza mchezo wa telefone. Aliwanyang'anya telefone tatu, akazileta kwangu nizihifadhi mpaka wazazi waje. Kesho yake naenda kukata majani ya mgomba, namkuta Mwalimu amechuchumaa katikati ya migomba, ulimi umetoka pembeni, anacheza kwa telefone ya mtoto wa watu.

"Mwalimu!"

"Ninafanya utafiti, Mama."

"Na ile ya pili uko umeikalia?"

"Ile imeisha moto ya chaji."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kuna mto. Upande mmoja kuna watu wadogo wenye mizigo kichwani. Wewe unapewa mbao na kamba, unawajengea daraja. Ukijenga vizuri wanavuka, wanarusha kofia juu. Ukijenga vibaya wanaanguka majini, na unaanza tena. Mwalimu aliamua kuandika makala juu ya mchezo huo, makala nzima, ndefu kama misa ya Pasaka: nani aliutengeneza, muziki wake ulipigwa kwa vyombo gani, magazeti yaliusifu wapi na yaliulaumu wapi.

Mimi nilikasirika, sifichi. Barabarani watu wanapita na magodoro kichwani, mbuzi na watoto kwenye kamba moja, na huyu msomi wetu anaandika juu ya watu wa uongo wanaovuka mto wa uongo. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanitazama, akasema, "Mama, hawa wa uongo hawana kabila." Nikarudi kwenye sufuria yangu.

Halafu, naona aibu kulisema, nami nikaingia ndani ya kazi yake. Baba yangu alijenga madaraja ya miti, ya kweli, juu ya mito inayobeba mbuzi. Mwalimu alipokosa neno la Kiswahili alinigeukia. Ule mti unaokaa chini kushikilia mwingine mnauitaje? Na ile kamba ya kuzuia daraja lisicheze? Nilimpa maneno ya baba yangu, naye akayaandika. Lakini nilipomwambia jinsi baba alivyopima nguvu ya mti kwa kuugonga na kusikiliza, alikataa kuiweka ndani.

"Baba yako aliiandika fasi gani?"

"Baba yangu hakujua kuandika."

"Basi minachukua maneno yake, kazi yake hapana. Sheria njo hiyo, Mama. Inanisumbua hata miye."

Niliona makala ile ikikua kama mtoto wa nyumbani. Miezi minane. Vita vilikuja vikapita mara mbili katikati, tukakimbilia vichakani na kurudi, na kila aliporudi alitafuta kwanza kama pano yangu imebaki juu ya bati, halafu ndiyo alimsalimu mtu.

Katika kile kitabu cha mtandao kuna ukurasa wa kwanza, kama uwanja mbele ya kanisa. Kila juma wanaochunga kitabu wanachagua makala moja tu ya kuiweka pale, kila afunguaye aione. Mwalimu aliitaka nafasi hiyo kwa makala ya mchezo. Sijapata kumwona akitaka kitu kingine, hata mke hakumtaka hivyo. Nilimwuliza kwa nini.

"Batoto ba hapa," akasema, "kila mara banaona jina ya Masisi kwenye telefone, iko na maiti pembeni. Minataka siku moja bafungue mulango ya mbele, bakute Kiswahili yabo, kazi ya mwalimu wabo, na hakuna hata maiti moja ndani."

Nikamsogezea waya.

Namna ya kuchagua ilikuwa hivi: makala inapendekezwa, watu wanaijadili kwa majuma mawili kwa kuandika, kila mmoja anasema nakubali ao nakataa na anatoa sababu. Wachache walikubali. Wengine walikataa. Mmoja aliandika kwamba tuna mito, tuna wafalme, tuna dawa za miti, itakuwaje tuwekee wageni mchezo wa watoto mlangoni? Mwalimu alimjibu kwa heshima, mstari kwa mstari: mtoto atakayekuja kusoma juu ya mchezo wake ataikuta na mito humo humo kitabuni. Akaongeza vyanzo. Akasahihisha. Zilipobaki siku mbili, waliokataa walikuwa watano, waliokubali watatu, na fromaji yake ilikaa kwenye karatasi bila kuguswa.

"Bawili tu," nikasema. "Unakosa bawili tu. Nitakupatia bawili."

"Hapana, Mama. Kule hawahesabu vichwa. Wanapima sababu."

Alinieleza vizuri. Nililisikia neno lake kwa masikio haya mawili. Lakini mimi ni mtu wa huku, na huku mtu akiwa na shauri, humtumii sababu kutoka mbali. Unakwenda mwenyewe, unasimama nyuma yake. Wakati wa posa, wakati wa kilio, wakati wa kuamuliwa mbele ya chifu, mkiwa watatu mmemwaibisha mtu wenu, na mkijaa uwanja shauri linalainika kabla hajafungua mdomo. Ndivyo nilivyolelewa. Nikafikiri, hao wasimamizi wa mtandao ni watu, nao wana macho. Wakiona Mwalimu ana watu nyuma yake watanyenyekea.

Kesho yake yeye yuko darasani, nikawaita mama wa sala ya Alhamisi. Tulikuwa kumi na sita. Mama Furaha alikuwa amefika sekondari, akawa kiongozi wetu. Wote tukachota rezo, yaani mtandao, kwenye telefone yangu moja, kama ndoo kwenye bomba, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akajifungulia jina lake mule ndani. Tulicheka siku ile kama wasichana. Mama mmoja aliandika neno lake la siri na kulisoma kwa sauti kubwa, tukamwambia sasa si la siri tena. Mwingine aliuliza kama wasimamizi wale wameoa.

"Tuandike nini?" wakaniuliza.

"Andika unakubali. Halafu sema Mwalimu ni muntu wa namna gani."

Wakaandika. Nakubali, Mwalimu anafundisha watoto wetu bila mshahara. Nakubali, Mungu amupatie bibi wa kuoa. Nakubali sana. Na Mama Furaha, kwa kuwa alijua kalamu, aliandika maneno marefu na mazuri. Alitaja mtaa wetu. Alisema waume zetu wanapanda kulala wamejificha juu ya kilima fulani sababu ya vita, akakitaja kwa jina, lakini Mwalimu anabaki chini na watoto. Alitusomea. Tulipiga vigelegele.

Mwalimu alikuja asubuhi iliyofuata, kabla ya darasa, bila vesti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila vesti.

"Mama, mulitumia telefone gani?"

"Yangu!" nikasema, kifua mbele. "Bote kumi na sita. Umeona?"

"Niliona."

"Na bado hujacheza ngoma?"

Aliangalia meza yangu, zile waya zote. Halafu akasema, "Asanteni, Mama. Unishukurie bengine," akaondoka kwa njia ya chini, ile ya malisho, kwenye ng'ombe.

Hakuja kuchaji siku ile. Wala iliyofuata. Nilimwuliza mtu kama makala imepita, akaniambia haikupita. Nikafikiri ana huzuni, itaisha. Juma likapita, mwezi, nikaambiwa sasa anachaji dukani kwenye njia panda, ambako rezo ni mbaya na mwenye duka ana mdomo mchafu. Hapo moyo wangu ukageuka. Mimi, niliyemlisha viazi! Mimi niliyemletea mama kumi na sita! Nikaanza kumsema. Nilimsema kwenye bomba, nilimsema sokoni Mweso, nilimsema mbele ya mlango wa kanisa watu wakitoka. Nilimpa jina, Papa Sahau-Wema, na jina likamshika. Watoto wa darasa lake mwenyewe walikuwa wakiliimba akipita. Siku moja tulikutana uso kwa uso kwenye migomba. Alisema, "Mama, jambo." Nilitema mate pembeni. Sikumtemea yeye, lakini aliyaona.

Halafu vita vikaja vile vikubwa, na mara hii hatukurudi. Nilishuka na wajukuu wangu mpaka ziwani, mpaka Kirotshe. Pano niliiacha juu ya bati.

Kirotshe nilikaa miaka, nauza sambaza, samaki wadogo wakavu, na kuna siku nilimpeleka binti yangu hospitali kujifungua. Nje, kwenye ukuta mfupi wanakokaa wagonjwa kuota jua, nikamwona. Nilimjua kwa kalamu mbili. Vesti ilikuwa nyingine, na mguu mmoja umefungwa bandeji, sukari ilikuwa inamla. Alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Na ulimi wangu, ulimi huu, badala ya kusema pole, ukasema:

"Papa Sahau-Wema! Kumbe weye muzima?"

Akacheka kweli kweli, mpaka akakohoa. "Mama wa pano. Kaa."

Nikakaa. Tuliulizana waliokufa. Ilichukua muda. Halafu nikamwuliza kama ile makala yake ilipata kufika mlango wa mbele.

"Sijui. Sijaingia mule tangu siku ya mama zako kumi na sita."

"Juu ya nini?"

"Balinifungia jina, Mama. Mpaka leo."

Akanieleza, polepole, kama anayemweleza mwanafunzi mzito. Wasimamizi waliona majina kumi na sita yamezaliwa saa moja, yote yametoka kwenye telefone moja, yote yanamsifu mtu mmoja. Kwao hiyo haina maana nyingine: ni mtu mmoja amejivika sura kumi na sita ajipigie kura. Ni wizi, mbaya kuliko wote kule. Wakamwita ajieleze. Na yeye alikuwa tayari amewaandikia, kabla hawajamwita, akiwaomba wafute maneno yote ya wale mama, haraka, siku ile ile. Wao wakaona mwizi anafuta nyayo.

"Lakini ungesema! Ungesema ni sisi, bamama ba pale!"

"Bamama ba wapi?"

Hapo ndipo nikaelewa. Nikaona mbele yangu maneno ya Mama Furaha, yale marefu na mazuri. Kilima kile, kwa jina. Waume zetu wamelala juu yake. Na ukurasa ule unafunguliwa na kila mwenye telefone, hata yule aliyeuliza Mwalimu analala wapi.

"Yalikaa usiku mmoja tu," akasema. "Balifuta asubuhi. Ningeanza kujieleza, bangeuliza maswali, ningejibu, na kila jibu lingerudisha kilima pale juu. Basi niliandika, si miye, siwezi kueleza. Bakafunga."

Waume wale walishuka kilimani salama wote. Mume wa Mama Furaha hata sasa yuko Sake, anashona viatu.

"Na mbona hukuniambia miye?" Nilisikia sauti yangu imekuwa ndogo.

"Mama, sauti yako inafika Kitshanga bila rezo." Akatabasamu, halafu akaacha kutabasamu. "Tena nilikukasirikia. Usifikiri miye ni mutakatifu. Miezi minane yangu. Nilipitia kwa ng'ombe kila siku nisione uso yako, na unajua ng'ombe na miye."

Nililia pale ukutani, mtu mzima, mbele ya wagonjwa. Nilimwambia nitasema mimi. Atafute mtu wa kuniandikia, ao niandike mwenyewe na darasa langu la nne: ni mimi, niliyewaita ni mimi, huyu hana kosa. Wamfungulie jina lake.

Aliacha nimalize. Alikuwa na tabia hiyo, ya kukuacha umalize hata ukiwa mjinga.

"Bataomba uthibitishe. Utathibitisha na nini? Na mtaa, na majina ya bale mama, na kilima. Vita iko wapi leo, Mama?"

"Iko kule kule," nikasema.

"Na bantu balirudi kulala juu?"

Walikuwa wamerudi. Safari hii wadogo wa wale waume.

"Uandikie wasimamizi pembeni, basi. Kwa siri," nikamwambia.

"Pembeni ni kwa nani? Sijaona uso ya hata mmoja. Labda bako bazuri. Labda bote bako bazuri." Akasogeza mguu wake kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha mzigo wa mwingine. "Vita ikiisha, utasema. Nitakuwa shahidi yako."

Muuguzi akaniita, mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike. Nilipotoka kumwambia, alikuwa amekwisha kurudishwa ndani. Nilimpelekea sambaza kesho yake na kesho kutwa. Siku ya nne kitanda kilikuwa na mtu mwingine.

Aliyekuwa wa kunipa ruhusa amekufa, kwa hiyo najipa mwenyewe kusema haya niliyosema: kulikuwa na mwalimu, aliitwa mwizi wa kura mahali alipopapenda kuliko mahali pote, na hakuwa mwizi. Mwizi ni upumbavu wangu. Kwenye masoko yote ya barabara ya Kitshanga nilikomchafua, ningepita leo nikimsafisha kwa sauti ile ile, nikitaja jina lake lote, la mtandao na la ubatizo, na msimamizi yeyote asomaye angejua ni nani. Wajukuu wananiuliza, Koko, mbona humtaji? Kwa sababu kila mtu wa kwetu akilisikia jina hilo atakumbuka mtaa aliofundisha, na anayeujua mtaa anajua kilima kilichoko juu yake, na jana jioni nimeambiwa watu wamepanda tena na mikeka.